Mbwa wa Kogo na Nguo Zilizoanikwa Juu ya Chai

Katika miaka yote ya kazi yangu sikuwahi kuitwa wa kwanza. Kwanza huitwa mafuta ya taa. Yakishindwa, huitwa oili chafu ya pikipiki, halafu majivu, halafu tumbaku iliyotafunwa, halafu dawa ya kupe isiyotiwa maji, halafu jirani ambaye ng'ombe wake aliwahi kuugua akapona mwenyewe. Jirani huyo akishamaliza maarifa yake, kidonda kikawa pango na mnyama akawa anatazama ukuta tu, ndipo mtu hukumbuka kwamba kuna afisa wa mifugo na ana simu. "Daktari, kuja haraka!" Haraka. Neno hilo nimelisikia kutoka kwa watu waliokaa na ugonjwa nyumbani kama mgeni wa heshima, wakimpikia chai asubuhi na jioni.

Ninyi mliobaki ofisini mmeniomba niandike kidogo kabla sijasahau. Sitasahau, hilo ndilo tatizo langu. Nimestaafu, nina chai kidogo karibu na Sotik, ninaamka bila kengele, na bado nikimwona mtu ameanika blanketi juu ya ua, damu inanipanda. Mambo ya vyeo muulizeni mwingine. Mimi nitawaambia kuhusu mabuu ya inzi, kwa sababu ng'ombe ana homa zake na kuku ana kideri chake, lakini buu ndilo lililonifundisha binadamu ni kiumbe wa namna gani.

Nilianzia Londiani. Asubuhi ile baridi ilikuwa imelala juu ya mashamba ya viazi kama shuka lililosahauliwa, nami nilikuwa na gambuti mpya zilizonibana. Nilikabidhiwa kwa Mzee Koskei, mtaalamu wa mifugo wa siku nyingi, mwembamba, mwenye koti la mvua la kijani na mkoba wa ngozi ulionuka dawa ya kreolini kutoka mbali. Hakunisalimia sana. Aliniuliza kama ninaweza kushika kondoo. Nikasema ninaweza. Akasema tutaona.

Kondoo mwenyewe alikuwa akizunguka pale uani, kichwa chini, kama aliyeangusha kitu. Mwenye nyumba alikuwa tayari na kisu. "Hii imerukwa na akili, Daktari. Ni afadhali tule kabla haijaharibu wengine." Nikamshika kondoo, nikaanza kumuuliza mwenye nyumba maswali yote niliyofundishwa chuoni: anakula nini, ana kinyesi cha namna gani, amezaa lini. Katikati ya swali kondoo alipiga chafya kubwa, na kitu cheupe chenye mistari, kinene kama maharagwe, kikatua juu ya gambuti yangu mpya, kikaanza kutembea.

"Ameshajibu," Koskei akasema. "Wewe ulikuwa bado unauliza nini?"

Ndivyo nilivyomfahamu inzi anayerusha watoto wake puani mwa kondoo bila hata kutua, kisha akaenda zake. Watoto hupanda juu kwenye mashimo ya fuvu, wakanenepa huko kwa makamasi, na kondoo wa watu akasemekana ana wazimu. Tulimpa dawa akapona. Mwenye kisu alituangalia kama watu waliomnyang'anya sikukuu.

Koskei alinifundisha kunusa kabla ya kutazama. Kidonda chenye mabuu kina harufu yake, tamu na nzito, na pua ikiijua mara moja haiiachi. Alinifundisha pia kwamba buu la ngozini hupumua kwa kutumia nyuma yake. Huacha kitundu kidogo, hutoa mkia hapo, na huko ndani kichwa kinakula. Ukilivuta kwa nguvu litakatika, na nusu iliyobaki itaoza na kukuletea usaha na lawama. Kwa hiyo usilivute. Chukua mafuta ya kukamulia, yale mazito ya chuchu za ng'ombe ambayo kila jiko la nchi hii lina kopo lake karibu na chupa ya maziwa, ukipake kitundu mpaka kizibe kabisa. "Lifunge pumzi," Koskei alikuwa akisema, "litatoka lenyewe kuuliza kuna nini." Likitoka kidogo, unabonyeza pande zote mbili polepole kwa vidole gumba. Hakuna ufundi mkubwa. Nimewaeleza watu hivyo kwenye mabaraza, makanisani baada ya ibada, kwenye majosho, kwenye foleni za kupimia majani chai. Wanaitikia vizuri sana. Kisha wanarudi nyumbani wakachukua mafuta ya taa.

Mkiwa na mkoba wenu, wekeni kibano chenye ncha butu, bomba la sindano lisilo na sindano kwa kuoshea, chumvi ya kutia kwenye maji ya uvuguvugu, na tochi. Na uvumilivu, ingawa ule wangu uliisha mapema, na serikali haikuwahi kuniletea mwingine.

Uliisha Chepseon. Kulikuwa na mbwa mwenye kidonda sikioni, na inzi wa kijani walikuwa wametaga humo. Kitu cha kuosha, kusafisha, kufunga, na kwenda nyumbani. Nilipofika mbwa alikuwa ananitetemekea miguuni, mate yakimtoka kama povu la sabuni, macho yamekuwa na mboni ndogo kama mbegu za mtama. Walikuwa wamemmiminia dawa ya kupe kutoka kwenye chupa, bila tone la maji. Nilifanya nilichoweza, na nilichoweza kilikuwa kidogo. Alipotulia kabisa, mwenye mbwa alichungulia sikio, akaniambia kwa sauti ya kunifariji, "Lakini mabuu yalikufa, Daktari."

"Ndiyo," nikamwambia. "Wote pamoja."

Baadaye nilihamishiwa upande wa Bomet, mahali ambapo mashamba ya chai yanashuka hadi kwenye msitu na msitu hautaki kuambiwa mpaka wake. Chai inapendeza kutoka juu, wageni huipiga picha. Imekatwa sawasawa kama imepitishiwa kiganja. Lakini mimi nimeijua kutoka chini. Chini ya ile meza ya kijani kuna nchi nyingine, yenye giza na unyevu, majani yaliyooza, vijia vya panya, mahali mbwa hujilaza mchana na kukojoa wanapoamka. Huko ndiko anakoishi inzi ninayetaka kuwaambia habari zake.

Nilikutana naye kwanza kwa ndama wa pongo, yule swala wa msituni. Wachumaji walikuwa wamemwokota karibu na mto, mama yake amekwisha kuliwa, wakamlea stoo kwa chupa ya maziwa. Alikuwa na majipu mapajani na tumboni. Kila jipu lilikuwa na kitundu, na kila kitundu kilikuwa kinapumua. Nikatoa mabuu yake moja moja huku wachumaji wakinihesabia kwa sauti kama mikwaju ya penalti. Ni inzi wa msitu huyo. Watoto wake hukaa kwenye panya, kwenye pongo, kwenye tumbili, tangu kabla mche wa kwanza wa chai haujaletwa hapa. Hutaga kwenye udongo wenye kivuli na mkojo, au kwenye kitambaa kibichi kinachofanana na udongo huo. Sisi ndio tuliomhamia na nguo zetu.

Na nguo zenyewe, oh! Mnajua jinsi watu wa huku wanavyoanika. Wakati wa mvua kamba haitoshi, na meza ya chai ipo pale, pana, safi, imelala kama kitanda kilichotandikwa. Basi shuka, nepi, soksi, vyote juu ya chai. Nusu inaning'inia kivulini, nusu inaanguka chini, inapukutwa, inarudishwa juu. Jioni inakusanywa ikiwa na unyevu, na kukunjwa. Pasi ipo, lakini pasi ni ya Jumamosi jioni kwa nguo za kanisa. Mungu atamwona mtu aliyenyooka. Mtoto kitandani atajijua.

Ndipo nikaitwa na Kogo Tapsabei. Kogo ni nyanya, na huyu alikuwa nyanya wa mlima mzima. Sidhani kama kuna aliyemwita vingine. Boma lake lilikuwa la mwisho kabla ya msitu. Alikuwa na mbwa wa rangi ya kahawia, kipande cha sikio hakipo, aitwaye Bosi. Mwaka uliotangulia Kogo aliteleza akaanguka kwenye mtaro wa chai, nyonga ikavunjika, na Bosi alisimama juu ya mtaro akabweka mpaka wachumaji wa shamba jirani wakaacha vikapu wakaja. Tangu hapo Kogo alitembea na fimbo, na Bosi alitembea mbele ya fimbo.

"Daktari," akaniambia kwenye simu, "kuja kabla Wesley haijaua mbwa yangu."

Wesley alikuwa kitinda mimba wake, karani kwenye kituo cha kupimia majani chai, kijana wa kalamu mfukoni. Alikuwa ameoa msichana mpole, Mercy, na walikuwa na mtoto wa miezi michache. Nilipofika nilimkuta Bosi amefungwa kwa kamba fupi kwenye mkaratusi, majirani wamekaa kwenye magogo wakingoja kama watu waliofika kwa mnada, na Mercy amesimama mlangoni akimpapasa mtoto anayelia.

"Chamgei, Madam," Wesley akanisalimia. "Umefika wakati mzuri. Tulikuwa tunataka mtu wa serikali aone."

"Aone nini?"

"Hii mbwa imeleta wadudu. Angalia tumbo yake. Halafu angalia mgongo ya mtoto."

Niliangalia yote mawili. Mbwa alikuwa na majipu tumboni na kwenye viwiko, mahali anapolalia. Mtoto alikuwa nayo mgongoni na matakoni. Kogo akaleta mafuta ya kukamulia, nikayapaka, tukangoja. Majirani wakainuka kutoka kwenye magogo. Buu la kwanza lilipochungulia kutoka mgongoni mwa mtoto, mama mmoja alimwita Yesu, na mwingine akarudi kukaa haraka. Mtoto alilia kidogo kisha akalala. Bosi naye hakulia kabisa. Alinilamba mkono wenye mafuta.

"Si unaona?" Wesley akasema. "Ni ile ile."

"Ni ileile. Na wote wawili wameipata mahali pamoja." Nikamwonyesha chai. Nepi zilikuwa zimetandazwa juu yake mpaka chini bondeni, na chini ya nepi kulikuwa na alama ya Bosi pale alipolala.

Nilieleza. Nilieleza inzi, udongo, kivuli, nguo mbichi. Sikuwaficha kwamba buu likimtoka mbwa huanguka chini, na huko huwa inzi mwingine. Lakini panya wa msituni wanafanya kazi hiyo usiku na mchana, na huwezi kuua msitu. Anikeni nguo juani, zipigeni pasi, mambo yataisha. Mercy alikuwa anaitikia kwa kichwa. Wesley alinisikiliza kwa adabu kubwa, kisha akasema:

"Sawa. Tutapiga pasi. Lakini mbwa iende kwanza."

Hapo ndipo nilipotaka kung'oa mkaratusi. Mnaelewa ule mtego? Wakimuua mbwa na kupiga pasi, majipu yatakwisha, na mlima mzima utasema ni mbwa. Pasi itarudi kwenye Jumamosi yake. Msimu ujao watoto wataoza migongo, na kila mbwa kutoka hapo hadi barabarani atafungwa kamba. Nilimwambia hivyo. Nilimwambia kwa sauti ambayo si ya ofisi.

"Wewe Madam unatetea mbwa kuliko mtoto?"

"Ninamtetea mtoto. Mbwa ana bahati tu kwamba yuko upande uleule."

Majirani wakacheka, na Wesley hakupenda. "Na mtoto akipata ingine?"

"Nguo zikipigwa pasi, hatapata."

"Na akipata?"

Kogo alikuwa amekaa kwenye kigoda, ameshika fimbo kwa mikono miwili, ananitazama. "Nitakuja na sindano ya kumuua Bosi mimi mwenyewe," nikasema. "Hutahitaji kamba."

Tukakubaliana mbele ya watu wote. Nilimfungua Bosi, na kamba ile nikaifunga kutoka kwenye mkaratusi hadi kwenye nguzo ya choo, mahali palipokuwa na jua lote ambalo mvua iliachia. Mercy akahamisha nepi pale pale.

Mvua haikukatika. Nilipita njia hiyo mara moja, nikaona nepi zinapepea kwenye kamba na moshi wa pasi ya makaa ukitoka dirishani. Nikajiambia kwamba angalau safari hii wamesikia. Mjinga ni mimi. Simu ilipolia, ilikuwa sauti ya Wesley, na kulikuwa na furaha ndani yake ambayo hakuwa ameificha vizuri.

"Madam. Kuja na hiyo sindano."

Barabara ilikuwa tope. Pikipiki ilinilaza mara mbili, na mara zote mbili kitu cha kwanza nilichokikagua ni mkoba, kama chupa ya dawa imepasuka. Nilitumaini imepasuka. Haikuwa imepasuka.

Wale majirani walikuwa kwenye magogo yaleyale. Bosi alikuwa amelala mlangoni, bila kamba, na aliponiona alipiga mkia chini mara chache bila kuinuka. Kogo hakunisalimia. Wesley alimleta mtoto mwenyewe, akamfunua. "Si ulisema hatapata?"

Majipu yalikuwepo. Moja shavuni, mawili kifuani. Nikamgeuza mtoto. Mgongo ulikuwa safi, matako safi, makovu madogo tu yaliyopona vizuri. Nikamwambia Mercy alete nguo za mtoto. Alizileta zote zimekunjwa, zina joto bado, zimenyooka mpaka mishono. Huyu msichana alikuwa amefanya kazi. Basi nikakaa pale na mtoto magotini, nikimtazama kifua na shavu. Mtoto huyu hajui hata kutambaa. Kifua chake kinagusa nini?

"Nani humbeba?" nikauliza.

"Mimi nikienda kuchuma, ni Kogo," Mercy akasema.

Nikamrudishia Wesley mtoto, nikamtazama Kogo. Yeye akatazama fimbo yake.

"Kogo, simama kidogo. Nigeuzie mgongo."

"Mgongo yangu iko sawa."

"Kogo."

Alisimama polepole. Mercy akamfungua leso aliyojitanda mgongoni, ile mtoto anayolazwa juu yake, akamshusha gauni mabegani. Mgongo wa Kogo, kutoka bega hadi kiunoni, pale pale mtoto anapolalia shavu na kifua, ulikuwa umejaa. Mengine yalikuwa yamekomaa na yanapumua. Alikuwa amejaribu kuyapaka mafuta mwenyewe kwa kijiti, kadiri mkono ulivyofika.

"Hii imekuuma siku ngapi?" Wesley akauliza, na sauti ya kituo cha majani ilikuwa imemtoka.

"Si sana."

"Kwa nini hukusema, Mama?"

"Ningesema, mngemuua." Alivuta gauni juu. "Daktari alisema jipu moja tu."

 Niliokota leso. Ilikuwa na ubaridi wa unyevu, na kwenye upindo kulikuwa na kijani cha jani la chai lililokwaruzwa.

"Mmeianika wapi hii?"

"Kwa chai," Kogo akasema. "Kamba imejaa nepi."

"Na pasi?"

Alinitazama kama mtu anayeniona kwa mara ya kwanza, na kunisikitikia. "Pasi? Hii si nguo, Daktari. Hii ni ya kubeba mtoto."

Jirani mmoja alicheka, akakatisha. Wesley alikuwa bado amesimama na mtoto wake mkononi, amekunja uso, anapiga hesabu. Yeye ni karani. Makubaliano ni makubaliano. "Lakini tulisema, mbele ya watu, jipu ingine likitokea..."

"Basi nidunge mimi," Kogo akasema. Akageuza mgongo wake tena kwangu, akajishika kwenye mlango. "Mimi ndiye nimeleta. Bosi hajui kubeba mtoto."

 Wesley alimtazama mama yake, akamtazama mbwa, akanitazama mimi, na naona aliona jambo moja sawasawa: kwamba mtu pekee aliyekuwa tayari kufa kwa ajili ya kosa la leso ndiye aliyemzaa. Alinipa mtoto. Alitaka kusema kitu, hakukipata.

Mercy ndiye aliyekipata. Aliingia jikoni akatoka na pasi, makaa yake yakiwa mekundu, akaiweka kwenye kimeza pale uani mbele ya mumewe, akaweka na leso kando yake.

"Mimi nimepiga pasi kila siku tangu Daktari aende," akasema kwa ule upole wake. "Leo ni wewe."

"Mimi?" Aliangalia magogo. Wazee watatu walikuwa wamekaa pale, pamoja na mwenyekiti wa kituo chake. Sijui kama mwanamume yeyote kwenye mlima ule alikuwa amewahi kuonekana ameshika pasi mchana.

"Na leso zingine ziko ndani," Mercy akasema. "Na shuka la Kogo."

Nikampa Mercy mtoto, nikafungua mkoba. Sindano niliiacha chini kabisa. Nikatoa kibano na mafuta ya kukamulia, nikamkalisha Kogo kwenye kigoda mgongo wake ukielekea mwangani, nikaziba vitundu vya mtoto, kisha nikaanza vyake kimoja baada ya kingine. Bosi alikuja akalala juu ya mguu wake mzima. Nyuma yangu nikasikia pasi ikigusa leso yenye unyevu, ule mlio wa kuunguza maji, na mzee mmoja akisema, "Karani, angalia usichome ua la leso," na mwingine akamwambia anyamaze. Mvuke ulipanda, ukanuka kitambaa, sabuni na majani.

Mabuu ya Kogo yalianza kuchungulia. Yeye hakulalamika, aliuliza tu kila mara kama linalotoka ni kubwa. Nilipogeuka kuchukua kitambaa, Wesley alikuwa amemaliza. Alikuwa ameikunja leso mara nne, vizuri, kama cheti, na alikuwa akinyoosha mkono kuchukua ya pili.

"Wesley," nikamwambia. "Hiyo ya kwanza umepiga upande mmoja. Ikunjue. Geuza."